Ulaji hatarishi wa vijana: tunahesabu wa wenzetu, tunaacha wa kwetu

Mzazi wa Temeke au wa Likoni akiambiwa kuna binti wa kidato cha pili anayejinyima chakula kwa makusudi, jibu huwa liko tayari mdomoni: hayo ni maradhi ya Wazungu, huku kwetu watu wanakitafuta chakula, hawakikimbii. Nimelisikia jibu hilo kwa walimu, kwa wauguzi, hata kwa watu ambao kazi yao ni lishe. Ni jibu linalofariji, na limetugharimu sana.

Ninavyoona mimi, ulaji hatarishi umeenea mno kwa vijana balehe wa Afrika Mashariki, ila umevaa sura ambayo maswali tuliyoyaazima hayaitambui. Tunamtafuta msichana mwembamba anayejitapisha mbele ya kioo. Tukimkosa tunafunga daftari, wakati yule wa kwetu amekaa darasani anatafuna udongo, au amepitisha siku nzima kwa chai ya rangi na pakiti ya biskuti, au anameza vidonge vya mzio ili apate nyonga.

Tuanze na takwimu inayotajwa zaidi siku hizi. Mwaka 2023 jarida la JAMA Pediatrics lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 32 kutoka nchi 16, zenye jumla ya watoto na vijana 63,181 wa miaka 6 hadi 18. Asilimia 22 kati yao walionyesha dalili za ulaji wenye kasoro. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 30, kwa wavulana 17. Maana yake, katika darasa la wanafunzi 50, kumi na mmoja wana jambo. Ni idadi ya kutisha na inastahili kutisha, lakini kabla hatujaibeba na kuipeleka kwenye semina zetu, tuulize kwanza hao vijana waliulizwa nini.

Waliulizwa maswali matano. Kipimo chenyewe kinaitwa SCOFF, kilichapishwa mwaka 1999 na watafiti wa London. Je, hujitapisha unapohisi umeshiba kupita kiasi? Je, una wasiwasi kwamba huwezi tena kujizuia kwa kiasi unachokula? Je, umepungua zaidi ya kilo sita ndani ya miezi mitatu? Je, unajiona mnene wakati wenzako wanasema umekonda? Je, unaweza kusema chakula kimetawala maisha yako? Anayejibu ndiyo mara mbili au zaidi huwekwa kando ili achunguzwe vizuri. Kazi ya kipimo hiki ni kuchuja tu, kwa hiyo asilimia 22 si idadi ya wagonjwa. Ni idadi ya vijana ambao mtu mzima alipaswa kukaa nao na kuzungumza.

Sasa chukua swali la tano uliweke mbele ya mvulana wa shule ya kutwa aliyetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, aliyegombea daladala mbili, na ambaye mlo wake wa kwanza wa maana atauona jioni. Chakula kimetawala maisha yako? Kimetawala, ndiyo, tangu saa nne asubuhi hafikirii kitu kingine. Kama muhula huo aliugua taifodi na kupungua kilo saba, basi amekwisha kujibu ndiyo mara mbili. Kwenye jedwali ataandikwa kuwa ana dalili za ugonjwa wa ulaji. Anachokosa ni chakula cha mchana.

Hili si jambo la kudhania. Mwaka 2004 kundi la watafiti likiongozwa na Daniel le Grange liliandika kuhusu vijana Weusi wa familia maskini nchini Afrika Kusini ambao walikuwa wamepata alama za juu kwenye madodoso ya kimataifa ya ulaji. Watafiti walirudi wakakaa nao, wakawauliza ana kwa ana walikuwa wanamaanisha nini. Wengi hawakuwa wakiogopa unene. Majibu yao yalikuwa yanaeleza umaskini na njaa ya nyumbani, na maswali mengine hawakuyaelewa jinsi mtunzi alivyokusudia. Lau watafiti wasingerudi, takwimu ile ingebaki kwenye vitabu kama ushahidi kwamba ugonjwa wa Ulaya umefika kusini mwa Afrika.

Upande wa pili wa shilingi ndio unaoniumiza zaidi. Maswali hayo hayo yanayomnasa mwenye njaa humpita yule aliye hatarini kweli, kwa sababu hatari yake haikuandikwa.

Nenda gengeni, soko lolote. Kando ya ubuyu na karanga, mara nyingi utaona vipande vya udongo vilivyoviringwa mfano wa kidole, rangi ya kijivu au kahawia, vimekaushwa vizuri. Tanzania tunauita pemba, Kenya wana mawe ya odowa, na vijijini wengine huvunja moja kwa moja kwenye kichuguu. Wanunuzi wakubwa ni wajawazito, kila mtu anajua. Ila simama hapo nusu saa wakati wa kutoka shule, uangalie sare. Wasichana hununua vipande viwili vitatu, wanavitia mfukoni mwa sketi, wanavimega darasani kidogo kidogo. Ukiwauliza wanapenda nini, wengi watakutajia harufu: ile ya mvua ya kwanza inapogusa vumbi.

Je, wako wangapi? Jibu la kuaminika tulilonalo ni la zamani kidogo, na linatoka magharibi mwa Kenya. Mwaka 1997 Wenzel Geissler na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi 285 wa miaka 5 hadi 18 katika Nyanza. Asilimia 73 walikuwa wanakula udongo mara kwa mara, na kiasi cha kawaida kilikuwa gramu 28 kwa siku. Gramu 28 ni vijiko kadhaa vilivyojaa. Kadiri wavulana walivyokua ndivyo wengi walivyoacha, lakini wasichana wakubwa waliendelea. Linganisha asilimia hiyo 73 na ile 22 inayotangazwa duniani, kisha ujiulize ni semina ngapi za afya ya vijana zimewahi kuutaja udongo.

Watu husema udongo hauna neno, bibi zetu walikula wakazaa. Bibi zetu walikula, na wengi wao walijifungua wakiwa na damu pungufu, na wengine hawakurudi kutoka leba. Udongo wa mfinyanzi hushika madini chuma tumboni kabla mwili haujayafyonza. Timu ile ile ya Geissler, ilipopima damu za wanafunzi wa shule za msingi, ilikuta waliokula udongo wana akiba ndogo ya chuma kuliko wenzao. Na walipofuatilia watoto waliokwisha kupewa dawa za minyoo, wala udongo walirudi kuambukizwa haraka zaidi. Huko Geita, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wajawazito wa maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu ulikuta karibu nusu yao wanakula udongo, na udongo wenyewe una madini yasiyofaa kuingia tumboni mwa mtu. Kisiwani Pemba, miongoni mwa wajawazito 2,368, asilimia 40 walikuwa na mazoea ya kula vitu visivyo chakula au visivyopikwa, na wengi wao hawakula udongo bali mchele mbichi. Waliokuwa na mazoea hayo walionekana kuwa na upungufu wa damu zaidi. Binti anayetafuna mchele mbichi kutoka kwenye ungo wa mama yake hatumwoni kuwa na tatizo; tunamwambia tu aache kumaliza mchele.

Ugumu ni kwamba kumpa binti vidonge vya kuongeza damu na kumwambia aache hakutoshi. Lusaka, nchini Zambia, walijaribu. Wanafunzi waligawanywa makundi, wengine wakapewa madini chuma, wengine virutubisho mchanganyiko, wengine dawa bandia. Chuma hakikupunguza hamu ya udongo. Hitimisho la watafiti lilikuwa kwamba watoto huigana, na kwamba upungufu wa chuma huenda ni tunda la udongo badala ya kuwa chanzo chake. Mimi naliamini hilo, kwa sababu ndivyo ninavyoona: udongo huliwa na marafiki, hugawiwa kama peremende, na msichana asiyekula huonekana bado mdogo. Kwa hiyo dawa yake lazima ipite kwenye urafiki na kwenye mazungumzo ya wasichana wenyewe, pamoja na kile kidonge.

Twende kwenye umbo la mwili, ambako ndiko dhana ya maradhi ya Wazungu imejengwa. Ni kweli kwamba kwa vizazi vingi watu wa pwani na bara hawakuutukuza wembamba. Kunenepa kulikuwa dalili ya kutunzwa. Bibi harusi akitoka ndani anatakiwa awe amewiva, amejaa. Mtu akikonda aliulizwa ana shida gani. Miaka ya 1980 swali hilo likawa zito kuliko lilivyowahi kuwa, kwani Rakai nchini Uganda UKIMWI uliitwa Slim, yaani mwembamba, na kote katika ukanda huu kukonda kukawa tuhuma. Kwa watu waliozika ndugu zao miaka ile, mtoto mnene ni faraja, na siwalaumu.

Lakini mambo haya hubadilika upesi kuliko tunavyofikiri. Fiji, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, ndiyo inayonitia hofu. Huko nako walipenda mwili uliojaa, na mtu akipoteza hamu ya kula jamaa walihangaika. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika jimbo la Nadroga. Anne Becker, daktari na mwanaanthropolojia wa Harvard, aliwapima wasichana wa sekondari wiki chache tu baada ya televisheni kuwasili, kisha akawapima wengine wa umri huo huo mwaka 1998. Wenye alama za hatari kwenye dodoso walipanda kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2. Waliokuwa wakijitapisha ili wapungue mwaka 1995 hakukuwa na hata mmoja. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Makundi yalikuwa madogo, wasichana 60 na kitu kila moja, na ni haki kusema hivyo. Hata hivyo, ilikuwa stesheni moja tu ya televisheni. Vijana wetu wana simu mfukoni yenye video fupi zisizokwisha, na hawaizimi saa nne usiku.

Hapa ndipo kipimo cha kuazima kinapotupotosha tena. Simu haijawaletea wasichana wetu hamu ya wembamba peke yake. Imewaletea shepu: kiuno chembamba, tumbo bapa, nyonga pana, makalio makubwa. Kimbaumbau anataniwa, kibonge anataniwa, na anayetakiwa ni yule aliyenenepa mahali fulani na kukonda mahali fulani. Mwili hauna utaratibu wa namna hiyo. Kwa hiyo binti mmoja anaweza kuwa anafanya mambo mawili yanayopingana ndani ya mwezi mmoja: anajinyima na kunywa dawa za kuharisha ili tumbo liingie, kisha anameza dawa za kuleta hamu ya kula ili nyonga zijae. Ukimuuliza kama anaogopa kunenepa atakujibu hapana, tena kwa moyo safi.

Dawa za kuharisha ziko karibu kuliko tunavyokubali. Sanamaki ipo nyumba nyingi za pwani, na kazi yake halali inajulikana: aliyefunga choo hupewa kidogo, yakaisha. Siku hizi inauzwa mitandaoni kama chai ya kupunguza tumbo, na wasichana wanaichemsha kila usiku. Haipunguzi mafuta. Nguvu ya chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, na sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, baada ya chakula kukwisha kuingia mwilini. Kinachotoka ni maji na chumvichumvi, ikiwemo potasiamu, ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Mizani asubuhi inaonyesha kilo imepungua, anakunywa maji, inarudi, anachemsha tena. Huko Fiji, Becker na wenzake waliporudi miaka ya baadaye walikuta jambo hilo hilo: wasichana wakitumia dawa za asili za kuharisha kudhibiti uzito, tabia ambayo madodoso ya kawaida hayakuwa yakiiuliza.

Zile za kuongeza mwili ni hatari zaidi. Cyproheptadine ni dawa ya mzio. Kuleta njaa na usingizi ni athari zake za pembeni. Mwaka 2016 watafiti wa Kinshasa waliandika jinsi inavyotumiwa vibaya na watu wa mji ule ili wanenepe. Kuna pia dexamethasone, dawa ya jamii ya steroidi, ambayo hujaza uso na mwili huku ikipandisha sukari na presha na kuudhoofisha mwili dhidi ya maambukizi. Aliyeitumia muda mrefu akiacha ghafla anaweza kuzirai, kwa sababu tezi zake zimeacha kutengeneza homoni ya mwili inayofanana na dawa hiyo. Binti wa miaka 16 hajui hayo. Anajua tu kwamba dada wa jirani alinenepa ndani ya mwezi, na kwamba dukani hakuna aliyemuuliza cheti.

Wavulana nao wamo, tusiwasahau kwa sababu wananyamaza. Kuna wanaojinyima wiki nzima kisha wanakunywa unga wa protini wasioujua umetoka wapi, kwa ajili ya kifua. Na pale miraa ilipozoeleka, kijana anayetafuna alasiri nzima hasikii njaa mpaka kesho yake. Mzazi anaona matumizi ya miraa, haoni kwamba mtoto hali.

Kuna jingine ninaloligusa kwa uangalifu. Mwaka 2004 British Journal of Psychiatry ilichapisha utafiti wa wanafunzi 668 wa kike wa sekondari kaskazini mashariki mwa Ghana. Kumi kati yao walikuwa wamekonda vibaya sana na hapakuwa na sababu nyingine ila kujinyima wenyewe. Hakuna aliyesema anataka kuwa mwembamba. Wote walieleza kujinyima kwao kama jambo jema la kidini: kuishinda nafsi, kuikana njaa. Sisi ni watu wa kufunga, Waislamu na Wakristo, na kufunga kumelea watu wengi vizuri. Lakini sheikh, mchungaji na mwalimu wa madrasa ndio wanaoweza kumtambua mapema binti ambaye funga imekwisha na yeye bado hajaanza kula, na ndio atakaowasikiliza wakimwambia kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula. Daktari hatasikilizwa hivyo.

Sasa tabia iliyo kubwa kuliko zote, ambayo kwa sababu ni ya wengi hatuiiti hatari: kuruka mlo. Vyuoni wanaiita pasi ndefu, unakula mara moja kwa niaba ya milo miwili. Imeshuka hadi sekondari. Ratiba ya kijana wa kutwa mjini inaanza kabla ya jua na kuisha baada ya masomo ya ziada, na katikati yake kuna dirisha la kantini lenye maandazi, soda, kachori na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini. Mwenye shilingi elfu moja anachagua kinachojaza haraka. Jioni anakula kiepe yai njiani kwa pupa, kisha nyumbani anakula tena, halafu asubuhi hana hamu ya uji. Mzazi anasema mtoto mlafi wa usiku.

Si ulafi. Mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 wenye afya njema, akawapa chakula pungufu kwa miezi sita. Hawakuwa na wasiwasi wowote na umbo lao. Baada ya muda walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi usiku, kulamba sahani; na waliporuhusiwa kula, wengine walikula bila kuweza kusimama, wakashiba tumboni bila kushiba moyoni. Mwili ulionyimwa hudai deni lake. Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 wa wanafunzi zaidi ya 9,000 wa sekondari na vyuo ulikuta takriban 3 kati ya kila 100 wana kiwango cha ugonjwa cha kula kupita kiasi bila kuweza kujizuia. Ningependa kujua wangapi kati ya hao walikuwa wameshinda bila kula kitu tangu alfajiri, kwa sababu tiba ya wa aina hiyo inaanzia kwenye sufuria ya shule.

Kwa nini basi hatujui idadi kamili ya lolote kati ya haya? Kwa sababu umri huu umeangukia kwenye ufa. Taarifa kubwa za kitaifa tunazozitegemea, zile za demografia na afya, hupima uzito na urefu wa watoto wa chini ya miaka 5, kisha huruka hadi wanawake wa miaka 15 hadi 49. Kwa hiyo tunajua kwamba mwaka 2022 asilimia 42 ya wanawake wa Tanzania wa umri huo walikuwa na upungufu wa damu, lakini binti wa miaka 12 aliyevunja ungo mwezi uliopita hayumo kwenye karatasi yoyote. Fedha nazo zinafuata hesabu. Halmashauri za Tanzania zinatakiwa kutenga shilingi zisizopungua 1,000 za lishe kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na wakuu wa mikoa wamesaini mikataba ya lishe na wanaulizwa wameifikia wapi. Ni utaratibu mzuri, na kampeni ya siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, imeokoa watoto. Mtoto huyo huyo akifika miaka 13 hana shilingi iliyoandikwa jina lake, wakati ndipo anapopata karibu nusu ya uzito atakaokuwa nao utu uzimani, na ndipo msichana anapoanza kupoteza damu kila mwezi.

Watakaonipinga watasema tusitie maneno vinywani mwa watoto. Ukimuuliza binti kama anajitapisha, utakuwa umemfundisha. Hofu hiyo naiheshimu, lakini naona imekosea mahali. Kujitapisha wanafundishwa na simu, sanamaki wanafundishwa na matangazo, udongo wanafundishana wenyewe chini ya mwembe wa shule. Aliyebaki nje ya mazungumzo ni mtu mzima peke yake. Kinachodhuru ni swali la kejeli mbele ya watu: mjomba anayemwambia mpwa wake sebuleni kwamba amekuwa bonge, mwalimu anayemtania mwanafunzi kwamba upepo utamchukua. Hayo ndiyo ningeyapiga marufuku kesho asubuhi, shuleni na nyumbani.

Maswali ninayoyataka ni mengine, na yaulizwe faraghani na mtu ambaye mwanafunzi hamwogopi, awe matroni au mwalimu wa malezi. Jana ulikula saa ngapi mara ya kwanza, na ulikula nini? Ulipokosa kula, ilikuwa hakuna au hukutaka? Unakula udongo, mchele mbichi au barafu, na kwa siku kiasi gani? Umewahi kunywa kitu chochote ili uharishe, upungue au unenepe, na ulikipata wapi? Kuna siku unakula mpaka unaogopa? Lile la pili ndilo ningelishikilia kuliko yote, kwa sababu linamtenganisha asiye na chakula na anayekikataa, watu wawili ambao leo tunawahesabu kama mmoja na ambao msaada wao haufanani hata kidogo. Wa kwanza anahitaji makande ya shule saa saba mchana. Wa pili anahitaji mtu wa kuzungumza naye, kupimwa mapigo ya moyo na potasiamu, na familia itakayokaa naye mezani bila kumfokea.

Na hili halihitaji mradi wa wafadhili. Kila halmashauri Tanzania ina afisa lishe. Achague sekondari mbili, moja ya bweni na moja ya kutwa, aulize maswali hayo na kupima damu ya kidole kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili mwanzoni mwa muhula, arudie mwishoni mwake. Vipimo hivyo hivyo ndivyo wanavyopimwa wajawazito kliniki kila wiki, mara nyingi kwenye kituo kinachotazamana na geti la shule. Aliyekosekana ni mtu aliyeagizwa kuvuka barabara navyo.